Sauti Isiyo na Mikono

Kila rubani kijana wa Huduma ya Milimani alianza safari kwa kumwamkia marehemu. Hakuna aliyewaagiza; haikuwa sheria wala sehemu ya mafunzo. Kijana alipanda, akafunga mkanda, akawasha betri, na kabla taa hazijatulia alikuwa ameshasema, “Shikamoo, mzee.” Kutoka kwenye kisanduku cha kijivu kilichofungwa palipokuwa na kiti cha pili ilijibu sauti nzito yenye mkwaruzo, “Marahaba, mwanangu. Umekula?” Na kijana, pamoja na vyeti vyake vyote, alijibu kwamba amekula, hata kama tumbo lilikuwa linanguruma.

Sasa jamani, mtu aliyekuuliza kama umekula utamkataliaje jambo lingine?

Hilo ndilo lililokuwa likimzunguka kichwani Sekela Mwambene, rubani mkuu wa Huduma, asubuhi ile alipokaa kwenye chumba cha injinia pale kiwanja cha Itulika kusikiliza rekodi ya ndege iliyoanguka ikiwa na rubani peke yake. Alikuwa ameikwepa tangu mazishi. Kila siku alijipa kazi nyingine, mara kukagua matairi, mara kwenda mjini bila sababu ya maana, mpaka mkurugenzi alipompigia na kumwambia kwa upole kwamba ndege zote zimelala chini na wagonjwa wanasubiri, na yeye ndiye wa kusema ziruke au zisiruke.

Sauti ile ilikuwa ya Kapteni Ambokile Mwakibete. Mzee aliponea kila upepo wa safu ya Livingstone, halafu moyo ukamsimama akiwa kitandani kwake, amejifunika blanketi. Hapo barabara za milimani zilikuwa zimeshaliwa na maporomoko, miaka ya zile mvua kubwa, na wakubwa walikuwa wameona heri ndege ndogo za betri kuliko kumwaga lami ileile kila masika. Sheria ilitaka vichwa viwili kwenye kila ndege ya wagonjwa, na marubani hawakutosha. Ndipo Injinia Zuberi Likwata alipochukua maneno yote ambayo Ambokile aliwahi kuyasema angani, maana vyumba vya marubani hurekodiwa, akaifundishia mashine. Mashine ikatoka inafikiri kama Ambokile, inakohoa kama Ambokile, inauliza habari za chakula kama yeye. Wakaiita Mwangwi, na kwa kuwa ilikuwa na sauti ya mtu, haikuchukua muda watu wakaacha kusema “hiki” wakaanza kusema “huyu”.

Mwangwi hakugusa usukani. Yeye alishauri, mtu akarusha. Na ili mtu abaki na neno la mwisho waliweka maneno mawili tu: rubani akiona ushauri haumfai aseme, “Hapana, natwaa.” Mwangwi angejibu, “Haya, ni yako,” kisha anyamaze mpaka magurudumu yaguse ardhi. Kilikuwa kitu kizuri na rahisi. Tangu Mwangwi afungwe, hakuna kijana aliyewahi kuyasema maneno hayo.

“Uko tayari, dada?” Zuberi aliuliza. Alikuwa mtu mwembamba wa Kusini, mwenye mvi za mapema, na tangu ajali alikuwa amekonda zaidi.

“Siko tayari. Weka tu.”

Zuberi akabonyeza. Rekodi ilikuwa ya dakika za mwisho zilizofika kituoni kabla mawasiliano hayajakatika. Sauti ya kwanza ilikuwa ya kijana, tulivu, yenye adabu. Sekela alimjua tangu anabebwa mgongoni. Lusajo, mwana wa pekee wa Ambokile, ambaye alisomea urubani na kuomba kazi Huduma ya Milimani akijua fika ni sauti ya nani itakayokaa pembeni yake. Wenzake walimwita Mwangwi “mzee”. Yeye alimwita Baba.

“Tumefika Mlangoni, Baba. Wingu ni zito, mabonde yote mawili siyaoni.”

“Nimeona. Shika kushoto.”

Kimya.

“Kushoto, Baba?”

“Nani wa siku nyingi hapa, mimi au wewe?”

“Ni wewe, Baba.”

Kikafuata kimya kingine, kirefu. King'ora cha ardhi, kile kinachoonya kwamba mwamba uko karibu, kilianza kulia, lakini king'ora kile huwalilia wote wanaoingia mabonde yale, na marubani wamekizoea kama mbwa wa jirani anayebwekea kila mpita njia. Halafu sauti ya mzee ikarudi, ya chini, karibu ya kubembeleza.

“Huna la kuniambia?”

“Sina, Baba. Nashika kushoto.”

Sekela alivua hedifoni akaziweka mezani. Alitoka nje, akasimama kwenye kibaraza, akalia kwa sauti mbele ya mafundi waliokuwa wanapaka grisi magurudumu, na mafundi wakajifanya hawamwoni.

* * *

Ukienda kutoka Itulika kuelekea ziwani, unafika mahali safu inapopasuka. Hapo ndipo Mlangoni. Mbele yako kuna mabonde mawili yanayofanana kama mapacha. La kulia linateremka polepole mpaka Ziwa Nyasa na hospitali iliyoko ufukweni. La kushoto linakwenda vizuri tu, linakukaribisha, linakunja kona, kisha linafungwa na ukuta wa mwamba. Marubani wanaliita Mfuko. Ni jembamba, na ndege ikishapita kona haina nafasi ya kugeuka.

“Amechanganya kushoto na kulia,” Zuberi alisema Sekela aliporudi ndani na macho mekundu. “Nimepekua usiku na mchana. Mahali fulani kwenye mafunzo yake kuna hitilafu, na nitaipata. Haki ya Mungu, dada, nitaipata.”

“Hajachanganya.”

“Umemsikia mwenyewe.”

“Nimemsikia. Na nimemsikia zamani, akiwa hai, akiniambia maneno hayohayo, mahali hapohapo. Zuberi, mashine yako ni nzima. Ni nzima mno.”

Akamweleza. Alikuwa msichana mbichi, safari yake ya kwanza na Kapteni Ambokile, siku nyeupe isiyo na wingu. Walipofika Mlangoni mzee alimwambia, kama anayeagiza chai, “Shika kushoto.” Sekela alidhani amesikia vibaya. Akauliza. Mzee akamkazia macho, akamuuliza nani wa siku nyingi, na Sekela, binti aliyelelewa kupiga goti anapomsalimia mkubwa, aliona ulimi unamkauka. Ndipo mzee akauliza, “Huna la kuniambia?” Ikamtoka tu, kwa sauti ya kuvunjika: “Hapana, mzee. Kushoto ni Mfuko.”

Ambokile alicheka mpaka akakohoa. “Kumbe una mdomo,” alisema. Kisha akamwonyesha mkono wake wa kulia. Ulikuwa kwenye usukani wa pili muda wote, chini, mahali Sekela asipopaona, na ulikuwa umeshaielekeza ndege kulia kabla hajamaliza hata kusema kushoto.

“Alinieleza jioni, tukinywa chai,” Sekela aliendelea. “Alisema, siku nitakapokosea kweli sitajua kama nimekosea, wewe ndiye utakayejua. Nakuzoesha kunikatalia leo nikiwa na akili zangu, ili siku hiyo usianze kujifunza. Alikuwa anatega kila mtu, Zuberi. Mara uzito wa mizigo, mara betri, mara upepo. Kila safari alipanda kosa moja, na usipolichuma anakununia. Mfuko ulikuwa mtego mkubwa, anautoa siku asiyoijua mtu, na kwa vijana hawa Lusajo ndiye wa kwanza kuupata. Ukiupita umekuwa rubani.”

“Mbona hakuna mtu aliyewahi kuniambia?”

“Kwa sababu tulikatazwa. Aliyepita hamwambii anayekuja. Ni kama mambo ya jando, ukishatoka unafunga mdomo. Ukimwambia mtu kuna mtego, haukamati tena. Wenzangu wawili wako Ulaya, mmoja amekufa. Nilibaki mimi, na mdomo wangu nikaufunga kama nilivyoambiwa.”

Zuberi alikaa.

“Mzee hakupata kumwangusha mtu,” alisema, “kwa sababu mkono ulikuwepo.”

“Mkono ulikuwepo.”

“Sisi tulichukua sauti. Mikono hatukuirekodi.”

Tumelelewa sote na ule msemo wa asiyesikia la mkuu kuvunjika guu, tumeimbiwa shuleni na nyumbani. Lusajo alilisikia la mkuu. Alilisikia, akaliuliza mara moja kwa adabu, kisha akalitii, na mwili wake waliupata baada ya siku kadhaa za kupanda mwamba kwa kamba.

* * *

Zuberi hakuwa mtu wa kukaa na majonzi bila kushika bisibisi. Alijifungia na mashine zake, na alipotoka alikuwa na jibu.

“Nimeondoa mitego yote,” alisema. Walikuwa wamesimama kwenye banda la ndege, mvua inapiga mabati. “Kila mahali aliposema uongo wa kufundishia, nimekata. Huyu aliyebaki hasemi kosa. Nimempitisha kwenye safari zote za zamani na hakukosea hata moja. Sauti ileile, dada. Mzee yuleyule. Tukimfunga leo, kesho tunaruka.”

Sekela alijua uzito wa neno hilo, kesho. Bila Mwangwi, vichwa viwili vilimaanisha watu wawili wenye pumzi, na kwa watu waliokuwepo ndege sita zilikuwa zinabaki mbili. Tangu ndege zilale, mama mmoja wa kule juu alikuwa ameshafia kwenye machela akibebwa na ndugu zake kwenye matope, na kichanga chake tumboni. Mumewe alipiga simu kituoni. Hakutukana. Aliuliza tu kama ndege zimeharibika zote. Sekela aliipokea simu ile mwenyewe, akamwambia pole.

“Tusiwaambie vijana habari ya mitego,” Zuberi aliongeza, hakumtazama. “Na mama yake Lusajo pia. Tuseme lilikuwa wingu. Wingu lilikuwepo kweli. Unadhani ataishije akijua ni sauti ya mumewe iliyompeleka mtoto?”

“Nifungie huyo msafi wako kwenye ndege namba mbili,” Sekela alisema. “Niende naye ziwani kwanza.”

Mvua ilipopungua akapanda. Alifunga mkanda, akawasha betri, na ingawa alikuwa amejiapiza kwamba leo hatamwamkia mtu, ulimi wake ulisema wenyewe.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umekula?”

“Nimekula,” Sekela alisema. Hakuwa ameweka kitu mdomoni tangu jana.

Wakaruka. Na lazima tuseme kweli, ilikuwa raha. Zuberi alikuwa fundi. Mzee alimwonya juu ya upepo wa ubavu kabla haujafika, akamkumbusha joto la betri ya nyuma, akamwambia apande kidogo kwa sababu kuna tai wanaozunguka juu ya ule msitu wa misindano, na kweli walikuwepo. Kila neno lilikuwa sahihi. Mabega ya Sekela, yaliyokuwa yamekaza tangu mazishi, yalianza kulegea. Alikumbuka mambo mengi. Alimkumbuka mzee akimnunulia mahindi ya kuchoma kiwanjani, akimtania kwamba atakosa mume kwa kukaa mawinguni, akimtetea mbele ya wakubwa waliotaka aanze na kazi ya ofisini. Alikuwa amemkosa sana. Hapo angani, na sauti ile pembeni yake, kwa mara ya kwanza baada ya miaka alijiona mtoto wa mtu.

Mlangoni palikuwa na wingu.

“Shika kulia,” Mwangwi alisema.

Na Sekela akashika kulia. Ndege ilijilaza vizuri, bonde likafunguka, ziwa likaonekana mbali kama bati jipya. Ndipo moyo ulipomlipuka. Maana alikuwa ameshageuza bila kutazama. Hakuangalia ramani, hakuangalia dira, hakuangalia hata nje kwenye lile jiwe jeupe ambalo yeye mwenyewe huwafundisha vijana walitafute kwanza. Alisikia kulia, mikono ikaenda kulia. Angesema kushoto, ingekwenda kushoto. Yeye, Sekela Mwambene, aliyekataa akiwa msichana mbichi, sasa mtu mzima na rubani mkuu, alikuwa amebebwa usingizini kwa sauti tamu.

“Mzee,” alisema, “ungekosea sasa hivi, ungejuaje?”

Mwangwi alikohoa. “Sijakosea, mwanangu. Upepo ni wa kusini, teremka taratibu.”

Ambokile wa kweli asingejibu hivyo. Ambokile angecheka na kumwambia hilo ndilo swali. Sekela alitua ufukweni, akazima betri, akakaa ndani ya ndege mpaka wauguzi wakaja kugonga kioo kuuliza kama mgonjwa ni yeye.

Aliporudi Itulika Zuberi alimkimbilia na mwavuli. Sekela alimwambia palepale kwenye nyasi, wala hakuzunguka. Yule mwenye mitego anaua kwa sababu hana mkono. Huyu msafi ataua polepole, kwa sababu atatuzoesha kutotazama, na siku wingu lisilokuwa kwenye kumbukumbu zake litakapokuja, hapatakuwa na mtu macho ndani ya ndege. Tunazima. Ndege mbili, watu wanne wenye pumzi, na mitego irudi, lakini kwa wakufunzi wenye mikono.

“Watu watakufa, dada,” Zuberi alisema. “Nne zilizobaki zikilala, unajua kabisa watakufa.”

“Najua.”

“Na bado unazima.”

“Nitakuwa napokea zile simu mwenyewe,” Sekela alisema. Machozi na mvua vilikuwa vimeshachanganyika usoni. “Kila simu. Sitampa mtu mwingine azipokee.”

Zuberi hakukubali, na Sekela alijua hakukubali, lakini alishika njia akaenda kuandaa funguo za visanduku.

* * *

Maiti hafunuliwi sanda bila kuwaambia wa nyumbani. Kabla ya kuzima, Sekela alikwenda kwa Mama Lusajo.

Nyumba ilikuwa Rungwe, kwenye migomba na mibuni, imejengwa kwa mshahara wa angani, tofali kwa tofali. Mama Lusajo alikuwa ameketi kwenye mkeka na khanga mbili za msiba, anachambua maharage ambayo hakuonekana kuwa na haja nayo. Waombolezaji walikuwa wameondoka. Nyumba ikishaachwa na waombolezaji ndipo msiba unapoanza.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa. Najua hujaja kunisalimia tu.”

Sekela akakaa chini. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yalimkimbia, akayasema mengine. Alieleza habari ya mitego, ya mkono uliokuwa chini, ya ukimya wao waliopita. Akarudia rekodi yote, neno kwa neno, maana mama aliiomba hivyo. Alipofika kwenye “Huna la kuniambia?” sauti ilimkatika, mama akamngoja, kisha akamwambia amalizie.

“Akasema nini?”

“Alisema, sina, Baba.”

Mama Lusajo alishika punje ya haragwe, akaitazama, akairudisha kwenye ungo.

“Hapo ni mimi,” alisema.

“Mama, hapana. Kosa ni letu. Ni langu.”

“Nisikilize. Baba yake alikuwa mtu wa safari. Alikuja wiki, akaondoka wiki. Mtoto alikuwa msemaji huyo, mbishi, anauliza mpaka unachoka. Mimi nikawa namwambia, baba yako akirudi usimbishie, amechoka, anabeba roho za watu. Akisema jambo, sema ndiyo Baba. Nikamfunza vizuri. Mwenzangu huko juu anafundisha watoto wa wenzie kusema hapana, na mimi huku chini namfunza wake kusema ndiyo.” Alifuta uso kwa pindo la khanga. “Hatukuwahi kuambiana. Miaka yote ile, kitanda kimoja, hatukuwahi kuambiana.”

Kuku aliingia, akadonoa maharage, hakuna aliyemfukuza.

“Nimekuja kukuomba ruhusa ya kumzima,” Sekela alisema.

Mama Lusajo alinyanyuka kwa shida, akatafuta kandambili zake kwa mguu.

“Nipeleke,” alisema.

* * *

Walimpandisha ndege namba moja, ambayo kisanduku chake kilikuwa bado hakijasafishwa. Zuberi alimweleza kwa heshima kwamba Mwangwi hana habari ya ajali. Visanduku vyote hupeana kumbukumbu jioni vikisharudi bandani, na kile cha Lusajo hakikurudi. Mama aliitikia kwa kichwa. Alikaa kwenye kiti cha rubani, kiti ambacho mumewe alikikalia nusu ya maisha yake na yeye hakuwahi kukigusa, akaweka pochi yake mapajani. Sekela alichuchumaa nyuma yake, akanyoosha mkono na kuwasha betri. Taa zikatulia.

Mama alisema kama alivyokuwa akisema mlangoni kwake, gari la kiwanjani lilipomshusha mwenzake.

“Baba Lusajo.”

Kikasikika kikohozi kile.

“Mama Lusajo. Umekula?”

Wote waliopita kwenye kiti kile walijibu kwamba wamekula.

“Hapana,” mama alisema. “Sijala, Baba Lusajo. Chakula hakipiti.”

“Kwa nini hakipiti?”

Alipitisha kiganja juu ya kisanduku, taratibu, kama anayepangusa vumbi.

“Mwanao anaendeleaje kazini?” aliuliza.

Sekela alifumba macho.

“Lusajo?” Sauti ilichangamka, na hapo ilikuwa Ambokile mtupu, Ambokile wa mahindi ya kuchoma. “Yule ataniacha mbali. Ana mikono myepesi kunishinda. Ila ana neno moja linanisumbua, mama. Namtega, hanikatalii. Nikimwambia betri zimejaa wakati hazijajaa, anasema ndiyo Baba, halafu anashuka anazijaza mwenyewe kimyakimya. Anaona kosa, ananifichia aibu. Sitaki anifichie aibu. Nangoja siku atakayoniambia hapana, nimshike mkono nimwambie sasa umekuwa mtu mzima. Bado nangoja.”

Zuberi aliyekuwa amesimama nje kwenye ngazi aligeuka akatazama milima. Mama Lusajo alikuwa akilia bila sauti, machozi yanadondokea kwenye pochi, na alipozungumza alizungumza polepole sana, asije akakosea.

“Ameshaondoka, Baba Lusajo. Usimngoje.”

“Ameondoka kwenda wapi? Kuna wingu. Mwambie anisubiri twende wote.”

Sekela alimshika bega. Mama aliuweka mkono wake juu ya ule wa Sekela, akaubana, kisha akaupeleka wake kwenye usukani. Alikuwa ameelezwa njiani maneno yanavyokwenda. Aliyaulizia mara mbili, kuhakikisha.

“Hapana,” alisema. “Natwaa mimi.”

Kisanduku kilitulia. Hata kikohozi hakikusikika. Halafu sauti ikajibu, na haikuwa na kinyongo, ilikuwa na furaha ya mtu aliyesubiri neno hilo kwa muda mrefu mno.

“Haya,” ilisema. “Ni yako.”

Mama Lusajo alimwuliza Sekela swichi ni ipi. Sekela akamwonyesha. Akaizima mwenyewe, akafungua pochi, akatoa leso akajifuta uso, na akabaki ameketi pale na mikono yake miwili juu ya usukani. Chini, kwenye chumba cha mawasiliano, simu ilianza kuita, na Sekela akashuka ngazi kwenda kuipokea.